Goma: usalama wa mji haujengwi kwa operesheni

Kila mkuu anayekalia kiti Goma huanza na ahadi ile ile: usiku wa mji utatulia. Mameya wa kiraia waliitoa. Maafisa wa polisi waliowekwa kwenye umeya baada ya hali ya dharura ya kijeshi kuanza tarehe 6 Mei 2021 waliitoa. Waasi wa AFC/M23, walioushika mji mwishoni mwa Januari 2025, nao waliitoa tangu siku za kwanza. Kila mmoja alikuja na mbinu zake: doria, msako, marufuku ya pikipiki, viboko hadharani. Utulivu ulidumu majuma machache, kisha zikarudi habari za alfajiri ambazo wakazi wamezizoea: mbadilisha pesa kapigwa risasi kwenye lango la nyumba yake, duka limevunjwa, maiti imeokotwa kando ya barabara, kijana aliyeshukiwa wizi kachomwa na umati.

Makala haya yanachambua kwa nini mambo yamekwama hapo, na ni kipi kingeweza kuyakwamua. Msimamo nauweka wazi mapema. Usalama wa katikati ya mji ni huduma ya umma kama maji na barabara: unalipiwa, unatunzwa, unakaguliwa kila siku, na anayeutoa anawajibishwa akiharibu. Goma kwa miaka mingi imepewa usalama wa zimamoto, tena katika mji ambao magari yenyewe ya zimamoto yanahesabika.

Mji uliobanwa

Goma iko kati ya Ziwa Kivu kusini, mpaka wa Rwanda mashariki, volkano ya Nyiragongo kaskazini na barabara ya Sake magharibi. Ina komini mbili, Goma na Karisimbi, zenye mitaa 18. Wakazi wake wanakadiriwa kufikia milioni mbili, na wengi wao, au wazazi wao, waliingia wakikimbia. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache tu. Baadaye kila vita vya Masisi na Rutshuru vikaongeza watu mjini. Mwishoni mwa 2024 kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo zilikuwa zimeuzunguka mji zikiwa na mamia ya maelfu ya watu waliohama makwao. Februari 2025, baada ya mji kutekwa, zilivunjwa kwa amri ya siku chache. Baadhi ya waliokuwemo walirudi vijijini kukuta nyumba zimebomolewa. Wengine waliyeyukia mitaani, bila anwani na bila kazi.

Hakuna ramani ya mipango miji iliyoweza kwenda kasi na mwendo huo. Tena volkano nayo ilichora ramani yake. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati kabisa ya mji, ikafunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya eneo lake pamoja na kipande cha njia ya ndege, na kuwaacha watu zaidi ya 100,000 bila makazi. Watu walirudi na kujenga juu ya jiwe lile lile. Walijenga kwa mbao, kwa kuwa mbao ndizo walizozimudu na kwa kuwa kuchimba msingi kwenye lava iliyoganda ni kazi ya nyundo na patasi. Ndiyo maana mitaa mingi ya Karisimbi ni nyumba za mbao zilizosongamana, zikitenganishwa na kuta za mawe meusi na vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia.

Anayetaka kuelewa tatizo la usalama aende jioni Birere, eneo la biashara katikati ya mji. Kabla ya saa kumi na mbili maduka yanafungwa kwa pupa. Mama anayeuza nyanya anakusanya mafungu yaliyobaki ndani ya kitenge, anahesabu noti za faranga akiwa ameipa barabara kisogo, kisha anamtafuta motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayemjua kwa jina. Wakala wa pesa kwa simu anakunja meza na mwavuli, na mtaji wa kesho uko kiunoni mwake. Mbadilisha pesa ameondoka kabla ya wote. Giza la Goma huingia haraka, na nusu saa baadaye vichochoro kati ya kuta za mawe havikuonyeshi hata kiatu chako. Watu hawa, saa hiyo, hawafikirii mstari wa mbele. Wanamfikiria mtu atakayewasimamisha kati ya barabara kubwa na mlango wao, na hawajui kama atakuwa mwizi, mwenye sare, au mwizi mwenye sare.

Bunduki ndani ya makazi

Hatari ya kwanza ni wingi wa silaha zinazozunguka mahali pa kuishi na kufanyia biashara. Kambi ya kijeshi ya Katindo iko ndani ya mji, askari wakiishi humo na familia zao, jirani na raia. Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana waunde vikundi vya ulinzi dhidi ya M23, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuunda jeshi la akiba. Vikundi vilivyokuwa porini kwa miaka vikapata jina la heshima, Wazalendo, na wapiganaji wao wakawa wanaonekana mjini na silaha begani. Mtu aliyepewa bunduki bila mshahara wa uhakika, bila bweni na bila mkuu wa kumwajibisha, anabaki na kitu kimoja tu cha kumlisha: bunduki yenyewe. Mwaka 2024 wakazi walilalamika karibu kila juma juu ya mauaji ya usiku, na wengi walisema wavamizi walivaa sare.

Kisha ikaja Januari 2025. Gavana wa kijeshi, Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa kwenye mapigano karibu na Sake, ulinzi wa mji ukasambaratika, na askari waliokuwa wakikimbia wakatupa sare na bunduki barabarani na ndani ya nyua za watu. Umoja wa Mataifa ulizungumzia watu wapatao 3,000 waliouawa katika mapigano ya Goma na viunga vyake. Silaha ngapi ziliokotwa usiku ule na mikono isiyo ya askari, hakuna aliyezihesabu.

Wakuu wapya walijibu kwa kuzingira mtaa baada ya mtaa na kupekua nyumba hadi nyumba. Upekuzi una sababu yake. Silaha lazima zitoke. Lakini shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba tarehe 22 na 23 Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliwaua raia wasiopungua 21 mtaani Kasika na maeneo ya jirani. Wala upande wa pili hauna mikono safi. Tarehe 30 Agosti 2023, mji ukiwa chini ya Serikali, askari walifyatulia risasi waumini wa dhehebu moja waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo kanali mmoja mwezi Oktoba mwaka huo.

Nayataja matukio haya mawili pamoja kwa makusudi. Mazungumzo ya usalama mjini Goma huchukulia kwamba hatari iko kwa jambazi na suluhisho liko kwa mwenye sare. Historia ya miaka hii inaonyesha kwamba mwenye sare asiyewajibishwa naye ni sehemu ya hatari, na mpango wowote usiomhesabu utashindwa.

Pesa zinazotembea kwa miguu

Ujambazi wa Goma una mantiki ya kiuchumi. Mji unaishi kwa biashara ya mkononi. Katika siku za kawaida makumi ya maelfu ya watu huvuka mpaka kwa miguu pale Petite Barrière, wengi wao wanawake wenye mboga, unga na samaki, na biashara hiyo hufanywa kwa noti. Wabadilisha pesa hukaa barabarani wakiwa na dola, faranga za Kongo na faranga za Rwanda mezani. Wakala wa pesa kwa simu yuko kila kona. Jambazi hahitaji upelelezi. Anahitaji kukaa ng'ambo ya barabara na kuangalia nani anafunga mapema na anaelekea njia gani.

Tangu Januari 2025 hali hiyo imekuwa mbaya zaidi kwa sababu benki za biashara zilifunga milango, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mtumishi anayelipwa kupitia benki hutoa pesa zake kwa wakala na kukatwa kiasi kikubwa, au huvuka mpaka kuzifuata. Mfanyabiashara ambaye zamani angepeleka mauzo benki kila jioni sasa analala nazo nyumbani. Uvamizi wa nyumba unaeleweka zaidi ukiutazama kwa jicho hilo: mwizi amefuata pesa zilikohamia. Kwa hiyo kufunguliwa kwa benki, jambo linaloonekana la wachumi na wanadiplomasia, ni hatua ya usalama wa mtaa yenye uzito kuliko doria kadhaa.

Operesheni na mipaka yake

Mwaka 2024 umeya wa Goma, chini ya Faustin Kapend Kamand, uliendesha operesheni iliyopewa jina la Safisha Muji wa Goma. Vijana walikamatwa, silaha zikakusanywa, watuhumiwa wakaonyeshwa hadharani. Wakazi wengi walishangilia, na hawana lawama. Aliyezika jirani wiki iliyopita hawezi kuambiwa asubiri mageuzi ya miaka kumi. Zaidi ya mara moja pia wakuu wamepiga marufuku pikipiki kuzunguka usiku, kwa kuwa majambazi hutorokea juu yake.

Tatizo la njia hizi linaonekana vizuri zaidi Kinshasa, ambako zimejaribiwa kwa muda mrefu. Novemba 2013 polisi walianzisha operesheni Likofi dhidi ya magenge ya kuluna. Human Rights Watch baadaye ilihesabu vijana wasiopungua 51 waliouawa na 33 waliotoweka. Kuluna hawakuisha. Desemba 2024, miaka kumi na moja baadaye, Serikali ilizindua operesheni nyingine, Ndobo, dhidi ya kuluna hao hao. Kabla ya hapo, Machi 2024, Serikali ilikuwa imeondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo lililodumu tangu 2003, ikitaja usaliti na ujambazi wa mijini kama sababu. Wenye kuamini kwamba dawa ya moto ni moto wana mfano wa zaidi ya muongo mzima mbele yao, na moto bado unawaka.

Kwa nini operesheni hizi hazifiki mbali? Kwanza, msako hukamata anayekamatika. Maibobo, mtoto wa mtaani, anayelala sokoni na kijana asiye na kitambulisho wako wazi, lakini anayekodisha bunduki usiku na kugawana mali asubuhi ana mlango wenye kufuli na rafiki mwenye cheo. Pili, msako hauachi ushahidi. Watu arobaini wakibebwa kwenye lori moja bila jina la shahidi wala maelezo ya kosa, hakuna hakimu anayeweza kutenganisha mwizi na mpita njia. Tatu, una tarehe ya kumalizika, na majambazi wanajua kusubiri.

Marufuku ya pikipiki inaadhibu wasiohusika zaidi ya wanaohusika. Motari anapoteza saa zenye abiria wengi, muuguzi anatembea kwa miguu kutoka zamu, mama mwenye uchungu anangoja gari ambalo halipo, na barabara inabaki na watu wachache zaidi, jambo linalompendeza mwizi. Njia nyingine ipo, na vyama vya mamotari vinaijua: kila pikipiki isajiliwe, kila motari avae jaketi lenye namba kubwa inayosomeka usiku, na chama kiwajibike kumtambua mwenye namba. Abiria akiweza kumtaja motari kwa namba, jambazi anapoteza kificho chake bila mji mzima kufungiwa ndani.

Mnyororo wa haki uliokatika

Mkazi wa Goma anayeibiwa anajiuliza: nikienda polisi itanifaa nini? Kwa kawaida anajua jibu. Ataombwa pesa ya karatasi ya kuandikia malalamiko, pengine na ya usafiri wa askari. Mtuhumiwa akikamatwa, jamaa zake watalipa atoke. Asipotoka, ataingia Munzenze.

Gereza kuu la Munzenze lilijengwa kwa ajili ya wafungwa wapatao 350. Kufikia Januari 2025 lilikuwa na maelfu, wengi wao mahabusu ambao kesi zao hazijasikilizwa. Kijana aliyeshikwa kwa simu moja alilala na muuaji wa watu kadhaa, na akatoka, alipotoka, akiwa amefunzwa. Tarehe 27 Januari 2025, mji ukianguka, wafungwa walivunja na kutoroka kwa maelfu. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake zaidi ya 160 walibakwa na wafungwa wanaume katika vurugu zile, na wengi wao wakafa motoni gereza lilipoungua. Huo ni msiba wa haki za binadamu wa kiwango cha juu. Ni funzo la usalama wa mji pia. Kile kilichorundikwa ndani ya kuta kwa miaka bila hukumu kilimwagikia mitaani kwa siku moja, pamoja na mafaili yaliyopotea, na kisha mahakama za Serikali zikaacha kufanya kazi.

Pasipo mahakama, umati unageuka mahakama. Kumchoma mwizi kwa matairi mara nyingi huelezwa kama ukatili wa watu wa mtaani. Ukiwasikiliza wanaofanya hivyo, utasikia hesabu baridi: tukimpeleka ofisini, atarudi kesho na kutulipizia. Hesabu hiyo ni ya hatari, kwa kuwa umati haukosi kukosea, na kelele ya "mwizi!" ni silaha rahisi ya kumwondoa mdai au mpinzani. Lakini haitaisha kwa mahubiri. Itaisha siku mtu atakapompeleka mtuhumiwa kituoni na juma linalofuata akaitwa kutoa ushahidi mbele ya hakimu.

Taa, maji na moto

Kuna upande wa usalama ambao hauna bunduki hata kidogo, na huo ndio ambao Goma ina uzoefu mzuri wa kujengea. Tangu kituo cha Matebe cha Virunga Énergies kianze mwaka 2015 kuzalisha umeme kwa maporomoko ya maji ya Rutshuru, na kampuni ya Nuru ijenge mtambo wa jua wa megawati 1.3 Goma mwaka 2020, mitaa ambayo haikuwahi kuwa na taa ya barabarani ilianza kuzipata. Taa za kwanza za mtaa wa Ndosho zilitokana na mpango usio wa kawaida: kampuni ya Microsoft ilinunua vyeti vya nishati safi vilivyofungwa na masharti ya amani, na pesa zake zikasaidia kuweka nguzo mtaani.

Je, taa hupunguza uhalifu kweli, au hutuliza roho tu? Jaribio maarufu zaidi lilifanyika New York mwaka 2016. Taa ziliwekwa kwa kura katika baadhi ya makazi ya umma, na mengine yakaachwa kama yalivyo. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban 36% penye taa. Goma si New York, na mtu mwenye bunduki ya kivita haogopi balbu. Hata hivyo sehemu kubwa ya hofu ya kila siku ni ya mnyang'anyi mwenye kisu, wa mkoba na wa simu, na huyo anategemea giza. Taa pia zinarefusha saa za biashara, na biashara huleta watu, na watu ndio ulinzi wa kwanza wa barabara. Mwandishi Jane Jacobs alilieleza hilo juu ya miji ya Marekani mwaka 1961. Wauza brochette na wauza maandazi wa Goma hawakuhitaji kumsoma ili walijue.

Maji nayo yamo. Mji umekaa kando ya ziwa kubwa, lakini mitaa mingi haina bomba linalotoka. Vijana wa harakati ya kiraia ya LUCHA walianza kulidai hilo mwaka 2014, na baadhi yao waliwahi kulala rumande kwa madai mengine ya aina hiyo. Kila alfajiri wasichana wenye madumu ya njano huteremka ziwani kabla ya jua, kwa njia zisizo na taa. Familia nyingi zinajua binti wa jirani aliyevamiwa njiani. Kioski cha maji kilicho hatua mia moja kutoka nyumbani kinamwondoa binti huyo kwenye giza lile. Hakuna bajeti ya polisi inayokihesabu kioski hicho, na ndipo kosa lilipo.

Halafu moto. Nyumba za mbao, nyaya za umeme zilizounganishwa kienyeji, makaa ndani ya chumba, na kadafi anayeuza petroli ya chupa mlangoni mwa duka: Birere imeungua mara nyingi kwa mchanganyiko huo, na gari la kuzima hufika limechelewa au linakosa njia ya kupita. Mwaka 2002, siku chache baada ya lava kupita, kituo cha mafuta kililipuka mjini na kuua makumi ya watu. Kadafi hawezi kufutwa kwa amri, kwa kuwa mamotari wanamhitaji naye anahitaji kula. Anaweza kuhamishwa akae mbali na maduka, kwenye eneo lililotengwa na lenye mchanga na mitungi ya kuzimia. Njia za kuingilia zikipanuliwa kila mtaa unapojengwa upya baada ya kuungua, badala ya kila mtu kurudi pale pale, gari la zimamoto na gari la wagonjwa yatapita hapo hapo. Njia hizo ndizo watu watakazokimbilia Nyiragongo itakapolipuka tena. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka bila onyo la mapema, na siku tano baadaye mitaa kumi ikaamriwa kuhama. Barabara ya Sake ilijaa watu, magari na chukudu za mbao za kubebea mizigo kwa kilomita nyingi.

Macho ya mtaa, na hatari yake

Hakuna polisi anayeweza kujua kila mgeni wa kila uwanja. Majirani wanaweza. Tanzania ilijenga mabalozi wa nyumba kumi chini ya TANU miaka ya 1960. Kenya iliuchukua mfumo huo baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013. Goma nayo ina machifu wa avenyu na nyumba kumi zake. Sheria ya polisi ya Kongo ya Agosti 2011 ilitaka polisi wa karibu na raia, na mabaraza ya usalama ya mahali yakafuata. MONUSCO iliwahi kuunga mkono mkakati wa Goma ulioitwa SOLIG, wenye doria za pamoja na namba za simu za bure za kuitia polisi. Tunajua pia jinsi Dar es Salaam ilivyoanza mpango wake wa mji salama mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya UN-Habitat kuanzisha programu hiyo kwa maombi ya mameya wa Afrika: walianza kwa kuwauliza wakazi wanaogopa nini na wapi, ndipo wakapanga.

Kwa hiyo msingi upo. Kilichoangusha juhudi nyingi ni kwamba simu ilipopigwa, gari halikuwa na mafuta. Na jina la mtoa taarifa lilipofika kituoni, lilimfikia mwizi kabla ya jogoo kuwika. Watu walijifunza kunyamaza.

Leo kuna hatari kubwa zaidi. Katika mji unaogombaniwa, orodha ya nyumba kumi inaweza kuwa orodha ya kusaka watu: nani alikuwa askari, nani ana mtoto ndani ya Wazalendo, nani anaandika nini kwenye simu yake. Kesho upande mwingine ukirudi, orodha hiyo hiyo itatafuta nani alishirikiana. Chifu wa avenyu anayeitwa kutoa majina ya wapinzani anapoteza imani ya majirani, na bila imani hiyo hana taarifa yoyote ya wezi. Mipaka lazima iandikwe na itangazwe: nyumba kumi inashughulika na wizi, moto, ugomvi, mtoto aliyepotea na mgonjwa wa usiku. Haikamati, haipigi, haichukui faini, haiulizi siasa. Wanawake wawemo, kwa kuwa wao ndio wanaojua njia zipi haziendeki baada ya saa moja.

Kuanzia wapi

Hatua hizi hazina uzito sawa, na nyingine hazina maana kabla ya zilizotangulia. Ya kwanza ni kuitoa bunduki kwenye makazi: askari wakae kambini nje ya mitaa, wenye silaha wasio zamu wasionekane mjini, na raia aliyeokota silaha Januari 2025 apewe njia ya kuirudisha bila kuulizwa, kupitia parokia, msikiti au Msalaba Mwekundu. Ya pili ni kurudisha walau sehemu ya mnyororo wa haki. Mji unahitaji mahakimu wachache wanaosikiliza kesi ndogo hapo hapo mtaani, daftari la mahabusu linaloonekana, na gereza ambalo halichanganyi mtoto na muuaji. Ya tatu ni taa na vioski vya maji kwenye njia zilizotajwa na wakazi wenyewe, kuanzia Birere, Majengo, Ndosho na njia za ziwani. Ya nne ni mamotari wenye namba, na benki zilizofunguliwa. Ya tano ni vijana. Kituo cha Don Bosco Ngangi kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba maibobo akipewa useremala au uchomeleaji anatoka barabarani. Kinachokosekana ni vituo kumi vya namna hiyo.

Mtu atasema haya yote yangoje amani, kwa kuwa mji uko mikononi mwa waasi na mazungumzo yao na Serikali huko Doha bado yanaendelea. Siafiki. Ni kweli kwamba bila amani hakuna mpango utakaokamilika. Lakini taa ya Ndosho iliwaka chini ya Serikali na inaweza kuwaka chini ya yeyote. Daftari la mahabusu halihitaji mkataba wa Doha. Anayeushika mji kwa nguvu ana wajibu huo huo kwa sheria za vita, na Serikali inayodai mji ni wake haiwezi kuwaacha wakazi bila benki na bila mahakama kisha ikawalaumu kwa kuzoea mkuu mwingine.

Kwa wakazi wanaokaa kwenye mikutano ya mtaa na kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ya Jumamosi: kuuliza maswali Goma kuna gharama, hilo linajulikana. Yaulizwe pamoja basi, kupitia makanisa, misikiti, vyama vya wauzaji na vya mamotari, ili mzigo usibebwe na mtu mmoja. Matatu yanatosha. Pesa za taa ziko wapi? Faili la aliyekamatwa wiki iliyopita limefika kwa nani? Askari aliyeiba aliadhibiwa lini, na nani alishuhudia? Mkuu asiye na majibu hayo hana mpango wa usalama, hata kama kila usiku malori yake yanazunguka mji.